Siku moja maishani mwangu: mkalimani kwenye kaburi lililofungwa miaka 2,200

Saa 12:00 asubuhi. Nasoma hapa Xi'an, China, na siku zisizo na vipindi nafanya ukalimani kwa wageni wa nyumbani. Leo nina mzee na mkewe kutoka Tanga. Mzee ni fundi mwashi aliyestaafu. Nawakumbusha pasipoti, maana tiketi haikatwi bila hiyo.

Saa 2:00. Tuko njiani kwenda Lintong, kilomita 35 hivi mashariki mwa mji. Nawasimulia kwamba Qin Shi Huang alirithi ufalme wa Qin mwaka 246 KK, ana miaka 13, na kazi ya kaburi lake ikaanza. Mwaka 221 KK akaiunganisha China yote. 210 KK akafariki.

"Mtoto wa miaka kumi na mitatu anajengewa kaburi?" Mama anashika kichwa.

Saa 3:30. Shimo namba moja. Watu wamebanana, simu juu, wakiwapiga picha askari wa udongo waliozikwa kumlinda mfalme, waliogunduliwa 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Mzee haangalii nyuso. Anaangalia kuta za udongo ulioshindiliwa kati ya safu na safu. Namwambia baadhi ya sanamu zina majina ya mafundi waliozitengeneza, ili kazi mbovu ijulikane ni ya nani.

"Ndivyo inavyotakiwa," anasema.

Askari hawa walikuwa na rangi. Walipofukuliwa, laki, yaani utomvu wa mti uliopakwa chini ya rangi kuishikilia, ilikauka ikajikunja, ikabanduka kwa dakika chache tu. Sehemu hii huwa naisimulia polepole.

Saa 6:30 mchana. Tambi pana kama mkanda, pilipili nyingi. Mama anamaliza bakuli.

Saa 8:00. Basi la bure linatupeleka kwenye kaburi lenyewe, kilomita moja na nusu kutoka kwa askari. Wageni wengi hurudi mjini bila kufika huku, na inaniuma kila mara.

"Mbona ni kilima tu?" Mama anauliza.

Kilima tu, Mama, chenye miti na majani. Mfalme yuko chini yake na hajaguswa na mwanaakiolojia yeyote. Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China aliyeandika karibu miaka 100 baada ya mazishi, anataja mito ya zebaki, mbingu iliyochorwa juu, na pinde za kujifyatua zenyewe. Vipimo vya udongo wa hapa vimekuta zebaki nyingi kuliko kawaida.

Kwa nini hawafungui? Nawaeleza habari za Dingling, kaburi la mfalme Wanli karibu na Beijing. Lilifunguliwa miaka ya 1950, hariri zikaharibika, na mwaka 1966 mifupa yake ikachomwa moto. Nilipofika China nilitamani sana kilima hiki kichimbwe. Sasa naomba kisubiri, hata kama mimi sitaona kilichomo.

Mzee anauliza: "Na mafundi waliojenga humo ndani?"

Namjibu kama Sima Qian alivyoandika: waliojua siri za ndani walifungiwa humo humo, milango ikashushwa.

"Hao nao wameandikwa majina?"

"Hapana, Mzee."

Anavua kofia. Tunakaa kwenye benchi mpaka mabasi mawili yanapita.

Saa 12:00 jioni. Lintong ni mji wa makomamanga, na Mama ananunua mfuko mzima. Mzee ananipa daftari lake nimwandikie kwa Kichina neno "fundi". Namwandikia: jiang. Analiiga chini yake, anafuta, anaanza tena. Mara ya tatu linatoka sawa.