Meno yangu na Menengai

Mtoto wa sista yangu ana miaka tisa, na juzi alitutembelea kutoka Kisumu. Hata kabla hajamaliza chai akaniangalia mdomoni vizuri akauliza, "Anti, mbona meno yako yameshika kutu?" Shosho yake akacheka hadi akamwaga chai kwa lesso. Mimi sikukasirika, hilo swali nimelizoea tangu darasa la pili, tofauti ni kwamba huyu amelisema usoni na wengine husemea pembeni ati watu wa Nakuru hawapigi mswaki. Kuna mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa siku moja akaniambia niende nyumbani nikasugue na mkaa na chumvi mpaka yawe meupe kama ya wenzangu. Nilisugua jamani. Fizi zikatoka damu, rangi ikabaki palepale.

Nikamwambia kijana amalize chai nimpeleke akaone aliyenipaka hiyo rangi.

Tukachukua boda mpaka juu Menengai, ule mlima wa volkano hapa Nakuru, pale kwa kile kibao cha mishale inayoonyesha miji ya dunia na umbali wake, akaanza kutafuta Kisumu kwanza kabla hata ya kuangalia mbele. Halafu akageuka akauliza swali ambalo hata watu wazima huuliza wakifika pale: "Sasa mlima wenyewe uko wapi?" Kwa sababu vitabuni volkano huchorwa ikiwa na kilele kimechongoka na moshi juu, na hapa unaona shimo tu, shimo la karibu kilomita 12 kwa 8, huko chini mawe meusi na vichaka na mvuke mweupe ukipanda hapa na pale. Nikamwambia umeukanyaga, tuko kwa ukingo.

Kumweleza ilibidi nianze mbali kidogo. Huku kwetu Bonde la Ufa ardhi inavutwa pande mbili, polepole sana, na ikivutwa inakuwa nyembamba. Chini kabisa mawe yana joto kali lakini hayayeyuki kwa sababu yamekandamizwa na uzito wa kila kitu kilicho juu yake. Sasa yakianza kupanda ule uzito unapungua, na hapo ndipo yanaanza kuyeyuka, bila mtu kuongeza moto. Hiyo ndiyo magma. Inapanda, inakusanyika kwa kama chumba hivi chini ya mlima, na siku ikitoka kwa wingi kile chumba kinabaki bila kitu cha kushikilia paa. "Unakumbuka kile choo cha jirani kilichobomoka?" nikamuuliza. Anakumbuka vizuri sana, mbuzi aliangukia humo. Basi Menengai ni hivyo, mlima ulitoa tumbo lake nje kisha ukajiangukia, na hii ilitokea maelfu ya miaka iliyopita.

Akataka kujua kama ilipiga kwa mlio mkubwa. Hapo ndipo nilipata kumtolea mfano wa jikoni maana huyu kijana anapenda kusimama karibu na sufuria. Uji mwepesi ukichemka hewa inatoka tu, pupupu, hakuna shida. Lakini unga wa ugali ukishaanza kushikana ile hewa inakwama ndani, halafu inapasuka na kukurushia tone la moto kwa mkono. Lava, yaani magma ikishatoka nje, nayo ni hivyohivyo. Nyepesi inamwagika na kukimbia, nzito inafungia gesi ndani mpaka siku inalipuka na kuwa majivu yanayorushwa juu kilomita nyingi. Menengai yetu ilikuwa ya ugali. Nyiragongo kule Kongo ni ya uji, ndiyo maana usiku wa tarehe 22 Mei 2021 watu wa Goma walitoka mbio na magodoro kichwani, lava ilikuwa inateremka kuelekea mjini na ikasimama pembeni tu mwa mji, ilhali ile ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Na watu wa Goma wana kitu kingine wanakiita mazuku, ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa kwa hivyo inalala mabondeni, haionekani, na mbuzi au mtoto akishuka pale asubuhi hapandi tena. Hiyo sikumwambia. Alikuwa ameanza kuangalia ule mvuke vibaya.

Badala yake nikamwambia hata wao wanayo ya kwao, asijifanye. Baba yake ni wa Kendu Bay, na pale karibu kuna Simbi Nyaima, ziwa la duara lililokaa ndani ya shimo la volkano. Akashangaa, maana dani yake, yaani nyanya yake wa upande wa baba, amemwambia pale palikuwa kijiji, bibi mzee akaja akanyimwa chakula na mahali pa kulala, mvua ikanyesha kijiji kikazama. Sikubishana na dani.

Kama huu mlima umelala, sijui ni usingizi gani. Wamechimba visima vya mvuke humo ndani tangu 2011, na kwa vingine walipofika kama kilomita 2 chini wakawa wanatoa vipande vya kioo, yaani magma iliyopoa ghafla, kumaanisha walikuwa wamegonga mlango wake. Tangu 2023 kuna mtambo mle wa megawati 35 unaotoa stima, kwa hivyo pengine simu unayosomea hii umeichaji na huyohuyo.

Sasa meno. Majivu na mawe ya volkano za huku yana floraidi nyingi, na maji ya chini ya ardhi yanakaa humo miaka na miaka yakiilamba polepole mpaka borehole zetu nyingi zinapita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo shirika la afya la dunia linasema mwisho ni hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya fizi, yanatoka yakiwa tayari na madoa, meupe kama chaki kwanza na baadaye kahawia. Yaani nilikuwa nimepakwa hata kabla ya kung'oa meno ya utoto, huo mkaa wa mwalimu ungefanya nini? Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki kwa sufuria. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au zile chujio za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambazo zimetumika sana huku Nakuru. Mama yake huyu kijana ni sista yangu, tulikunywa kisima kimoja, na mpaka leo akipigwa picha anafunga mdomo. Huyu mtoto miaka tisa na alikuwa hajawahi kujua kwa nini mamake hacheki kwa picha.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe mathe pia."

Nilitaka kumwambia na mambo ya 2010, vile mlima mmoja wa Iceland unaitwa Eyjafjallajökull (usiniulize unasomwaje) ulirusha majivu ndege zikakaa chini Ulaya karibu wiki nzima kwa sababu majivu yanayeyuka ndani ya injini na kuganda, na huku Naivasha maua yakaoza watu wakarudishwa nyumbani bila kazi, lakini alikuwa ameshaokota kijiwe cha kijivu chenye matundumatundu na hanisikii tena.

Tulipofika nyumbani akajaza karai maji akakiweka. Kikaelea. Akakisukuma chini na kidole, kikarudi juu. Nikamwambia hayo matundu ni ile hewa ya ugali, iligandia humo siku ile. Akakimbia kumwita shosho aje aone jiwe linaloogelea, shosho akaja, akaliangalia, akalitoa kwa karai, akaketi kwa stuli na kuanza kusugua visigino.