Hamu ya mazoezi: nilivyoipata Bukavu

Alfajiri macho yalikuwa wazi ila mwili unakataa kutoka kitandani. Nilijaribu kengele ya simu, kisha kukimbia na majirani, hamu haikudumu.

Kilichofaulu ni kuanza na mteremko. Ninakaa juu, Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu. Navaa viatu, nashuka pole pole kuelekea Ziwa Kivu, bila kukimbia. Kushuka hakudai hamu, na nikifika chini mwili umeshapata joto. Halafu jambo dogo lililobadili yote: nauli ya moto (pikipiki ya abiria) naiacha nyumbani. Lazima nipande kwa miguu, na kule kupanda ndiyo mazoezi yenyewe!

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 inazitimiza. Mvua ikinyesha, tafadhalini, vaeni viatu visivyoteleza.