Nimrudishie Bwana Nini?

Wapendwa katika Bwana, andiko letu wiki hii ni Zaburi 116:12: "Nimrudishie BWANA nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?"

Andiko hilo ndilo alilolihubiri mchungaji Richard Johnson Jumapili ya tarehe 3 Februari 1788, katika ibada ya kwanza kufanyika Sydney, Australia. Kanisa halikuwepo, alisimama chini ya mti. Waliomsikiliza ni askari, na wafungwa waliokuwa wametoka tu melini baada ya safari ya miezi minane kutoka Uingereza. Wengi wao walikuwa wezi wa vitu vidogo: leso, saa, nguo, chakula. Sijui kama mimi ningethubutu kulichagua andiko hilo mbele ya watu wale. Mtu ameiba leso, amepelekwa upande wa pili wa dunia kwa miaka 7, halafu anaulizwa atamrudishia Mungu nini kwa ukarimu wake!

Chukua habari za Mary Wade. Alikuwa mtoto wa miaka kama 11, akifagia mitaa ya London na kuombaomba. Yeye na msichana mwenzake wa miaka 14 wakamvua mtoto wa miaka 8 gauni lake la pamba, kitambaa chake cha mabegani na kofia yake ya kitani. Gauni wakaliweka rehani wapate pesa. Januari 1789 mahakama iliwahukumu kunyongwa. Ndiyo, kunyongwa. Miezi miwili baadaye Mfalme George III alipona maradhi yake ya akili, na katika furaha hiyo wanawake waliokuwa wakingoja kitanzi wakapunguziwa adhabu: badala ya kufa, wahamishwe. Mary alifika Sydney Juni 1790.

Sasa fungua Kutoka 22. Aliyeiba kondoo atalipa kondoo wanne, aliyeiba ng'ombe atalipa watano. Anayelipwa ni mwenye mali, si mfalme. Torati haimuui mtu kwa sababu ya gauni. Mwizi anayepaswa kufa, kwa Kutoka 21:16, ni yule anayeiba mtu na kumuuza. Uingereza ya siku zile mambo yalikuwa kinyume kabisa: kununua na kuuza watu ilikuwa biashara halali hadi 1807, na meli tatu zilizofika mwezi uleule wa Juni 1790 zilikodiwa kwa kampuni iliyozoea kusafirisha watumwa. Ililipwa kwa kila mfungwa aliyepakiwa, awe atafika au hatafika. Karibu robo yao walikufa njiani.

Hapo ndipo ninapomheshimu Johnson kuliko kwenye mahubiri yake. Alipanda kwenye mojawapo ya meli hizo, Surprize, akashuka hadi chini walikolala wafungwa. Aliwakuta wamejilaza nusu uchi, hawana hata tandiko, hawawezi kujigeuza. Harufu ilikuwa karibu kumshinda, lakini alipita akisema nao. Huenda pale ndipo baadhi yao waliuona ukarimu ule wa zaburi kwa macho yao.

Mary alikua, akaolewa, akazaa watoto 21, akafa mwaka 1859. Mmoja wa kizazi chake, Kevin Rudd, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Australia. Watu hupenda kuishia hapo na kusema Mungu aligeuza baya kuwa jema. Mimi nasita, kwa sababu nchi waliyopelekwa wezi hao ilikuwa na wenyewe, watu wa Gadigal, na serikali iliyotaka kumnyonga mtoto kwa gauni iliichukua ardhi yao bila kuwalipa hata senti.

Zakayo, mkubwa mmoja katika watoza ushuru, hakuhubiriwa habari ya kurudisha. Yesu alimwita kwa jina, akaingia nyumbani kwake mchana kweupe watu wakinung'unika. Ni Zakayo mwenyewe aliyesimama akasema atarudisha mara nne. Alikuwa bado katika mji wake, na aliowadhulumu walikuwa pale pale. Mwizi wa London, akishapakiwa melini, angemrudishia nani? Na kijana wetu anayepigiwa kelele za "mwizi!" sokoni kwa ajili ya simu, akazungukwa na mawe na tairi, atamlipa nani kesho?

Wiki hii tusome Luka 19:1–10 pamoja na Kutoka 22:1–4, polepole, kila siku mistari michache. Mwenye cha mtu nyumbani kwake na akakirudishe. Jumatano tutaanza maombi kwa kuwakumbuka mahabusu. Aliye na ndugu gerezani na angependa atajwe kwa jina, amwone mzee wa kanisa kabla ya ibada.