Siku tano za kutafutia familia nyumba Mathare kabla shule zifunguliwe

Mimi nauza mboga mtaa wa Huruma, Nairobi, na ndio mwekahazina wa chama chetu cha akina mama 14 cha kuweka akiba, wakati huo kila mtu alikua anatoa shilingi 200 kila Jumapili. Sijawahi fanya kazi ya shirika lolote la msaada. Naandika venye tulifanya 2024 juu mvua ya Aprili hurudi, na mtu wa Mathare ama Mukuru akijua haya mapema hatahangaika venye sisi tulihangaika.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili mto Mathare ulijaa ukaingia kwa manyumba watu wakiwa wamelala. Sisi tuko kwa gorofa kwa hivyo tulianza kuskia kelele, watu wanagonga mabati na kuita watoto kwa majina, giza totoro, stima imepotea. Kulipokucha nikashuka chini. Kwa ukuta wa nyumba moja ya mabati kulikua na mstari wa matope, mahali maji yalifika, nikasimama kando yake na ulikua unapita kichwa changu. Ndani ya hiyo nyumba mama alikua anatafuta kitu kwa matope na mikono yote miwili, nikadhani anatafuta pesa, kumbe ni yunifomu ya mtoto. Alikua ametoka na watoto watatu na mtungi wa gesi, basi.

Watu wakaenda kulala shule ya msingi iliyo hapo juu, wengine kanisani, wengine kwa majirani walio na rumu ya gorofa, unakuta watu kumi na moja kwa rumu moja. Shule zilikua zimefungwa, likizo ya Aprili, na zilikua zifunguliwe tarehe 29 lakini serikali ikasogeza mbele wiki moja juu ya mvua, kisha ikasogeza tena. Hiyo tarehe 29 ndio maji yalibeba watu Mai Mahiu, huko Nakuru, na tangu siku hiyo kila wingu likikusanyika watoto wa pale shuleni wanaanza kulia. Alafu mapema Mei ikatoka amri walio karibu na mto wahame, mita 30 kutoka kwa maji, tingatinga zikaja, na wale ambao nyumba zao maji hayakubeba nao wakajikuta nje. Darasa lililokua na familia nne likawa na saba.

Chakula hakikua shida kubwa, hilo nalisema wazi. Watu walileta unga, maharagwe, nguo, Msalaba Mwekundu wakaja na vitu, makanisa yakapika. Lakini sufuria ya maharagwe haina mlango wa kufunga usiku. Nilianza kuona hii shida vizuri Jumatano tarehe 8 Mei, ilipotangazwa shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 13. Watu walishangilia redioni, na mimi nikafikiria yale madarasa. Mwalimu mkuu alikuja kuongea na watu kwa heshima sana, akasema hawezi fukuza mtu lakini watoto 60 wa darasa moja atawaweka wapi. Hakua na makosa. Tulikua na siku tano.

Usiku huo tukakaa kama chama. Kwa akaunti kulikua na 70,000, pesa ya kugawana Desemba, elfu tano kwa kila mtu. Nikauliza kama tunaweza kuitumia. Wawili wakakataa, mmoja alikua na mtoto anaingia sekondari, na sikuwalaumu, tukatoa elfu tano zao kando tukabaki na 60,000. Kanisa likatupatia sadaka ya Jumapili iliyopita, 18,500. Na wasichana wa mtaa wetu walio Saudia, wale wa kazi za nyumba, wakachanga kwa simu 27,000, mmoja alituma na ujumbe kwamba nyumba ya mamake ndio ilienda na maji. Jumla 105,500. Shuleni kwa orodha yetu kulikua na familia 23.

Kitu cha kwanza tulifanya asubuhi ya Alhamisi hatukutafuta nyumba, tulikaa na watu. Nilinunua daftari na tukaenda familia kwa familia. Uko na watoto wangapi na wanasoma wapi, unafanya kazi wapi, una kitambulisho ama kilienda na maji, na swali lililonifunza zaidi, kwa mwezi unaweza kulipa ngapi. Jibu tuliandika vile mtu mwenyewe alisema, hatukumkadiria. Mimi nilikua nimefikiria tunatafutia watu nyumba ya bure. Hakuna hata mmoja aliyesema hawezi kulipa kitu. Hawa watu walikua wanalipa kodi kila mwezi kabla mafuriko, elfu mbili, mbili na nusu, wengine tatu. Walikua wanafua nguo Eastleigh na Pangani, wengine kazi ya mjengo, wengine mtumba Gikomba. Kilichowafungia nje ni dipoziti. Ukihama hapa unatoa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mwingine kwa mkupuo, yaani rumu ya 3,500 unaingia na 7,000, na mtu ambaye hana hata kijiko ataitoa wapi. Rais alikua amekuja Mathare tarehe 6 akaahidi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa, lakini Jumatatu haingengoja, ndio maana tulipanga kama hiyo pesa haipo.

Na nyumba zilikua. Hii ndio ningetaka mtu ashike. Kila mtu alikua anasema nyumba zimeisha, lakini tulipogawana mitaa wawili wawili tukaenda ploti kwa ploti, yaani majengo ya kupangisha, kuuliza makeyateka, wale wanaomwangalizia mwenye ploti, kufikia jioni tulikua tumehesabu rumu 31 tupu, Huruma, Mathare ya juu, Kariobangi. Hazikua na tangazo manake keyateka hubandika tangazo nyumba ikikaa sana, na pia wenye ploti walikua wameambia makeyateka wasichukue watu wa mafuriko. Hilo liliniuma. Mmoja aliniambia, "Mama, hao hawatalipa, wataingia kumi, na kuwatoa itakua kesi." Nikamwambia wapangaji wake wote wametoka huko chini, na huyu ninayekuletea alilipa kodi miaka sita bila kuruka mwezi, nipigie mwenye ploti niongee na yeye.

Hapo ndipo tukapata njia. Hatukuomba huruma, tulileta makubaliano. Nilichana karatasi ya katikati ya daftari nikaandika: chama kinalipa mwezi wa kwanza wote leo, dipoziti inagawanywa mara nne, robo leo na zingine pamoja na kodi ya miezi mitatu inayofuata, na mpangaji akichelewa siku kumi mwenye nyumba anapigia chama simu kabla ya kuweka kufuli kwa mlango. Hiyo ya kufuli ndio tuliipigania zaidi, juu hapa ukichelewa unarudi jioni na watoto unapata mlango umefungwa na vitu viko ndani. Mpangaji anaweka sahihi, mwenye nyumba ama keyateka anaweka, na mimi. Mwenye ploti wa kwanza aliisoma mara mbili kwa miwani yake akauliza, "Na nyinyi mkitoroka?" Nikamwonyesha kibanda changu, nikamwambia niko hapa miaka kumi na mbili na sukuma yangu iko pale juani, naenda wapi. Akatupatia rumu tatu. Baada ya huyo wengine wakawa rahisi, manake wanajuana na wanaulizana.

Ijumaa tarehe 10 ilikua likizo ya kupanda miti kukumbuka waliokufa kwa mafuriko, na hiyo ilitusaidia juu wenye ploti walikua nyumbani. Siku hiyo moja tuliingiza familia tisa. Mkokoteni ulikua wa kijana anayeuza maji, alikataa pesa, akabeba magodoro yaliyokauka nusu na masufuria na shosho mmoja, nyanya mwenye miguu imefura, akimsukuma polepole huku anamwambia, "Shika hapa shosho, hapa kuna shimo."

Si kila rumu tulichukua. Kuna gorofa moja ilikua na rumu sita tupu na bei nzuri, lakini iko karibu na mto na ukuta wa nyuma una ufa unaingiza kidole. Watu wa Huruma hatujasahau Aprili 2016, jengo la gorofa sita lilianguka usiku kwa mvua kama hii na zaidi ya watu 40 wakafa. Wengine walituona tunachagua sana na wakati hatuna. Mimi nilisema siwezi mtoa mtu kwa maji nimuweke hapo, na sikubadilisha.

Kulikua na makosa yetu pia na nayasema ili mtu asirudie. Alhamisi jioni kijana mmoja alijiita keyateka akatuonyesha rumu mbili, akasema kuna watu wengine wanazitaka, tutume 6,000 ya kushikilia. Tulikua tumechoka, tukatuma. Kesho yake rumu zina watu na simu imezimwa. Tangu hapo tulitumia M-Pesa kwa nambari ya mwenye ploti mwenyewe, jina linatokea kwa simu linalingana na lile wapangaji wanamjua, na mlango uwe umefunguliwa na mpangaji ako ndani na vitu vyake. Kosa la pili ni Kayole. Mama wa watoto wawili tulimpatia rumu ya bei rahisi huko tukafurahi, na yeye anafua Eastleigh. Nauli ya kwenda na kurudi ilimla, na mtoto alikua anatoka saa kumi na moja asubuhi ili afike shule yake ya zamani. Wiki mbili akarudi. Rumu ya 2,500 Kayole ilikua inamgharimu zaidi ya ile ya 4,000 Huruma anayotembea kwa miguu kwenda kazi. Swali la unafanya kazi wapi tulikua tumeliandika kwa daftari na hatukulitumia.

Vitambulisho vilitusumbua pia. Wenye ploti wengi hawachukui mtu bila kitambulisho, na vingi vilienda na maji, na ili upate kingine ilikua lazima uanze na abstrakti ya polisi, karatasi ya kuonyesha umeripoti kimepotea, hiyo si kazi ya siku tano. Tukatumia mzee wa mtaa, alikuja na sisi yeye mwenyewe, anasimama mlangoni anasema huyu namjua, alikua anaishi mahali fulani, mumewe ni fulani. Wengine walikua na picha ya kitambulisho kwa simu ya mtu wa familia. Kama unasoma hii na uko karibu na mto, piga picha ya kitambulisho na vyeti vya watoto leo utumie ndugu yako ushago, kule kijijini.

Jumapili jioni kati ya zile familia 23, 17 zilikua kwa rumu zao. Nne zilitaka kwenda ushago kwanza, tukalipa nauli, baba mmoja akabaki mjini na kazi. Moja ilienda kwa ndugu Kariobangi. Na moja, mzee anayeishi peke yake, fundi viatu, alikataa rumu zote tatu tulizomwonyesha juu ziko mbali na mahali anashonea. Nilikasirika kidogo kwa uchovu, nikamwacha. Asubuhi yake yule mwenye ploti wa miwani akaniita, ana stoo chini ya ngazi, haina dirisha lakini ina mlango mzuri na taa, 1,500. Mzee akaingia, na viatu vyake anashonea hapo hapo nje.

Tuliosha madarasa usiku huo wa Jumapili na akina mama wenyewe, wale wa kufua nguo ndio walishika, na si mimi niliwaambia. Madawati yakarudi. Kwa ubao kulikua kumeandikwa zamu ya kupika na majina, mtoto mmoja akauliza kama tunaweza acha, lakini mwalimu atahitaji ubao, tukafuta.

Baadaye haikua laini yote. Kufikia Agosti familia 12 zilikua zimemaliza dipoziti. Tatu zilichelewa, tukapigiwa simu kama ilivyoandikwa, mara mbili chama kililipa na mtu akaturudishia polepole, mara moja mwenye ploti aliweka kufuli bila kupiga, nikaenda na karatasi na mzee wa mtaa na akafungua. Zingine mbili zilihama bila kuaga na bado sijui ziko wapi, naziuliza kwa watu. Wale wenzetu wawili waliokataa kutoa pesa ndio walikua wanazunguka na mimi kukusanya, hakuna aliyewaomba.

Sasa kila Jumapili tunatoa 250 badala ya 200, hiyo 50 inakaa kando. Daftari liko kibandani chini ya mizani. Nambari za makeyateka saba nimeziandika kwa jalada la nyuma na kalamu isiyofutika, na kila mwisho wa Februari nawapigia mmoja mmoja kuuliza nani ana rumu.