Madoa ya jua ya Liebermann: sasa yamelala chini

Nakala ya Papageienallee, yaani "Njia ya Kasuku" (mchoraji Mjerumani Max Liebermann, 1902, asili iko makumbusho ya Kunsthalle Bremen, Ujerumani), turubai ya sm 40 × 50. Miti na watu vimekaa sawa. Kilichogoma ni madoa ya jua njiani: kila yakipakwa yanaelea juu ya mchanga kama chokaa iliyomwagika. Leo yametulia.

Shida ya kwanza ni nyeupe. Nyeupe ya titani ina nguvu mno, inaipoza oka (rangi ya udongo) na kuipausha. Enzi za Liebermann walitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni pole zaidi, ila ina sumu. Mchanganyiko uliokubali: sehemu 4 za titani, 2 za oka ya manjano, robo ya kadimiamu ya chungwa. Kivuli: altramarini (bluu), alizarini (nyekundu) kidogo, nyeupe, na nyeusi ya ncha ya kisu. Wapenzi wa Monet, mchoraji Mfaransa aliyeiepuka nyeusi, wataikataa hiyo nyeusi. Wakatae tu. Liebermann alikaa Paris 1873 hadi 1878, lakini weusi na kahawia hakuviacha, na Mfaransa Manet, ambaye Liebermann alivutiwa naye, hakuitupa nyeusi pia. Ukiiondoa unabaki na Monet dhaifu.

Umbo ndilo lililokula muda. Doa si umbo la upenyo wa majani. Ni picha ya jua lenyewe. Kipenyo chake ni takriban 1/108 ya umbali kutoka kwenye upenyo: majani yakiwa mita 10 juu na jua utosini, doa lina sm 9 hivi, na ukingo umefifia. Jua likiinama, doa linarefuka. Kwa hiyo ni duaradufu zinazopandana, na kadiri njia inavyokwenda mbali zinabanwa hadi kuwa vistari.

Kivuli kiwe bado kibichi. Brashi bapa ya singa za nguruwe, namba 6, mguso mmoja, inua mkono. Ukirudia, bluu inapanda na doa linakuwa kijivu. Brashi laini ya nailoni haibebi rangi nzito, ni ya kulainishia tu. Mafuta ya kitani yakizidi, doa linatandaa.

Kilichobaki ni kasuku, lakini wasubiri. Madoa haya lazima yajaribiwe kwanza kwenye makoti meusi ya wazee wa Altmännerhaus in Amsterdam ("Nyumba ya Wazee Amsterdam"), mchoro mwingine wa Liebermann. Pale doa linapinda kwa kufuata mkunjo wa kitambaa, na oka ikigusa nyeusi mbichi inageuka kijani, kwa hiyo koti likauke kwanza. Turubai ndogo imeshapakwa msingi wa kahawia.