Antivirusi ipo, lakini iko hai?

Malalamiko ya watu kuhusu antivirusi za nyumbani yanafanana: kompyuta imekuwa nzito, flashi imeleta virusi na programu haikusema neno, mafaili yamepotea, kadi ya benki imekatwa hela. Wengi hukimbilia kununua nyingine, au kumwambia fundi aweke mpya juu ya ile iliyopo. Tunaomba usifanye hivyo kabla ya kujua kama uliyonayo inafanya kazi. Mara nyingi imekwisha kufa zamani, na alama yake bado imekaa pale chini karibu na saa.

Laptopu nyingi mpya huja na antivirusi ya majaribio, McAfee au Norton kwa kawaida. Muda ukiisha, programu haiondoki. Inabaki kwenye diski, inafunguka kila unapowasha mashine, inakukumbusha ulipie, lakini haipokei tena orodha mpya ya virusi. Tatizo ni kwamba Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows kuanzia toleo la 8 na haina malipo, hujiweka kando pale inapoona antivirusi ya kampuni nyingine. Muda wa ile nyingine ukiisha, Defender inapaswa kurudi kazini, lakini programu iliyokwisha muda au mabaki yake mara nyingine huizuia. Hapo nyumba ina walinzi wawili na hakuna anayelinda.

Kuhakiki ni kazi ya dakika mbili. Bonyeza Start, andika PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri), ifungue, kisha andika Get-MpComputerStatus. Katika orodha ndefu itakayotokea tafuta mistari mitatu. AntivirusEnabled na RealTimeProtectionEnabled ziwe True. AntivirusSignatureAge ni umri wa orodha ya virusi kwa siku: 0 au 1 ni sawa, 7 ni mbaya, na 60 maana yake umekuwa ukitembea bila kinga dhidi ya virusi vya miezi miwili iliyopita. Kama unatumia antivirusi ya kampuni nyingine, fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", uone jina lililoandikwa pale na hali yake.

Ukikuta Defender iko hai ila orodha ni ya zamani, angalia kwanza intaneti yako. Anayetumia bando la simu kwa hotspoti mara nyingi amewasha "Metered connection", mpangilio wa kubana matumizi ya data, ili Windows isimalizie data. Ni uamuzi wa busara, lakini mpangilio huohuo unaweza kuzuia Defender isichukue orodha mpya. Uzime kila baada ya siku chache, sasisha, kisha uurudishe. Kwa mashine isiyoingia mtandaoni kabisa, pakua faili la mpam-fe.exe kwenye tovuti ya Microsoft ukiwa kwenye intaneti ya mahali pengine, ulibebe kwa flashi, ulifungue. Lina zaidi ya MB 100. Kuna la biti 32, la biti 64 na la ARM, kila moja peke yake, na ukichukua lisilo lako halitaingia.

Ukiamua kuondoa antivirusi ya kulipia iliyokwisha muda, iondoe kwenye orodha ya programu, zima na kuwasha kompyuta, kisha tumia kisafishaji cha kampuni husika: MCPR kwa McAfee, Avast Clear kwa Avast, kavremover kwa Kaspersky. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo maana Defender inakataa kuwaka au antivirusi mpya inagoma katikati ya usakinishaji. Na usiweke mbili zenye ulinzi wa muda wote. Kila faili unalofungua linakaguliwa na zote mbili, na kwenye mashine ya RAM ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, kufungua barua ya kurasa mbili kunageuka kazi ya kusubiri.

Sasa flashi, ambako lawama nyingi zinaiangukia antivirusi isivyo haki. Kirusi cha njia za mkato (shortcut) hufanya hivi: kinaficha mafolda yako yote, kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale, na ukibofya mojawapo kinajiendesha kwanza halafu kinakufungulia folda lako, hivyo huoni tofauti. Antivirusi ikikamata kirusi na njia zake za mkato, inafuta hivyo tu. Mafolda yanabaki yamefichwa. Unafungua flashi, unakuta tupu, unasema antivirusi imekula kazi za mwaka mzima.

Haijala. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, uone nafasi iliyotumika. Kama inasoma GB 5 na ndani huoni kitu, data ipo. Fungua Command Prompt, dirisha jingine la amri, uandike amri hii ya kuyafichua mafolda:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Subiri hadi mstari urudi, kisha fungua tena. Wakati mwingine utakuta folda moja lisilo na jina, ni nafasi tupu tu. Vitu vyako vimesukumwa humo. Nakili nyaraka na picha peke yake. Faili lolote linaloishia na .vbs, .lnk, .js au .exe usilolijua liache. Kisha fomati flashi. Flashi safi ikichafuka tena dakika ileile unapoichomeka, chanzo ni kompyuta: fungua Task Manager, uone kama wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha mafaili kama .vbs na .js, inaendeshwa bila wewe kujua, zima, halafu ndani ya Windows Security chagua "Microsoft Defender Offline scan". Mashine itajizima na kuwaka, na ukaguzi huchukua kama dakika 15 kabla Windows haijaamka. Ndiyo njia nzuri, kwa sababu kirusi hakijapata nafasi ya kujificha.

Kuhusu programu za kuvunja leseni tuseme wazi. Maelekezo yake huanza na "zima antivirusi kwanza", na mafundi wengine huweka diski C nzima kwenye orodha ya Exclusions, yaani ya sehemu ambazo Defender haizikagui, ili kazi iishe haraka. Mteja anaondoka na alama ya kijani, lakini Defender imeambiwa isitazame popote. Ukinunua kompyuta iliyokwisha tumika, mahali pa kwanza kuangalia ni hapo, na ukikuta njia yoyote usiyoiweka wewe, ifute.

Antivirusi ikikamata faili unaloliamini, usiizime. Lipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako injini za antivirusi zaidi ya 60 hulikagua kwa mpigo. Injini moja au mbili zisizojulikana sana zikilalamika, huenda ni kosa lao. Zikifika 30, achana nalo. Usipeleke huko nyaraka za siri, kwa kuwa mafaili yanayopakiwa hushirikishwa na watafiti.

Wanaotaka kulipia tunawashauri wazime kujirudia kwa malipo siku ileile ya kununua, ndani ya akaunti, kwani bei ya mwaka wa pili huwa juu kuliko ya ofa. Nambari za uanzishaji nazo hufungwa kwa kanda: iliyonunuliwa kwa bei poa nje inaweza kukataa hapa. Za bure zina gharama yake pia. Mwaka 2024 FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, iliiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake. Anayehama Avast kwenda AVG kwa hasira hajahama: Avast ilinunua AVG mwaka 2016, na injini ni ileile.

Ukimaliza yote, ipime. Tovuti ya EICAR, taasisi ya utafiti wa antivirusi, ina faili la majaribio lenye herufi 68 lisilo na madhara, ambalo antivirusi zimekubaliana kulikamata. Jaribu kulipakua. Likizuiwa papo hapo, ulinzi upo. Likitua kwenye Downloads na kukaa kimya, rudi kwenye PowerShell.