Yona kanirefukia: kumbukumbu ya filamu yangu, mwezi Agosti

Jumamosi tumeirudia sini (onyesho) ya 31, ile ya mlangoni, na tangu hapo usingizi wangu wa mang'amung'amu.

Mlango ule ndio filamu nzima. Yona, mwanafunzi wa kidato cha pili, anakaa Chang'ombe ya Dodoma na mama yake, muuza zabibu wa soko la Majengo. Baba yuko Dar, simu yake ni ya sikukuu hadi sikukuu. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, Dar si mbali tena: asubuhi unapanda, mchana uko kwa baba. Basi mtoto anasimama mlangoni kuomba ruhusa, mama kaziba njia.

Upande wa mama, kamera ikimtazama yeye, tuliushuti Desemba. Siku ya pili mvua ikatufukuza, kisha mwenye kamera akapata harusi mfululizo, mara Pasaka, mara Juni. Bajeti yetu ni nauli za bodaboda na wali maharage, utamlaumu nani?

Sasa kijana anayeigiza Yona nimemsimamisha palepale, nikachungulia kwenye kioo cha kamera, nikaona mambo hayakai. Desemba mama alikuwa akimwinamia. Leo anainua kidevu. Mbuyu wa nyuma ulikuwa na majani, sasa ni matawi matupu. Sauti ya mtoto ndiyo usiseme, besi tupu. Nikaleta tofali mama akanyage. Akapanda, akashuka.

"Mwanangu, tofali la nini? Mtoto kakua."

Huyu anayeigiza mama, kwa kazi yake halisi ni fundi cherehani. Akatoa futi kamba, akampima: inchi mbili kasoro kidogo tangu alipomshonea suruali ya shule. Kifundo chote nje. Akakaa kizingitini, akafumua pindo kwa wembe, uzi baada ya uzi, kijana kasimama kama mtu anayenyolewa. Pindo liliposhuka ukabaki mstari wa bluu iliyokoza kuzunguka kila mguu, kitambaa ambacho jua la Dodoma halikuwahi kukigusa. Pasi haikuufuta. Na mimi kamera nilikuwa nimeizima! Hilo sijajisamehe.

Usiku nikaipasua sini ya 31 vipande viwili. Teki (picha tulizorekodi) za Desemba ni ombi la kwanza, mama anakataa. Za Agosti ni la pili, na safari hii mama ndiye anayetazama juu. Imenigharimu hotuba ya mama ya ukurasa mmoja niliyoipenda kuliko kitu chochote kwenye skripti. Nimeikata.

Sauti za nje nyingi hazifai. Upepo wa msimu huu unapita hata kwenye soksi ya sufu tuliyoivika maiki; mazungumzo tutarekodi upya chumbani.

Jumamosi ijayo, usiku, tunashuti kufumua pindo. Shata, yaani muda kamera inaofunguka kwa kila picha, itakuwa 1/50 ya sekunde, si 1/60 kama mara ile: umeme wetu ni wa hertz 50 na taa ya sebuleni ilichezacheza mpaka picha zote tukazitupa. Haraka inatakiwa, mtihani wa kidato cha pili unamsubiri kijana, na shule yake haitanielewa.

Mama amelipandisha tena lile pindo, safari hii kwa uzi mweupe ili kamera iuone. Kijana kaijaribu suruali, kajitazama miguuni, akaomba asipite nayo barabarani.